Mali Bila Daftari: Historia ya Kutafuta Komiti Zilizokosekana Kati ya Matawi



Kwenye grupu letu kuna swali linalorudi kila mara, hasa kwa wale wanaojifunza kuandika programu: "Nina tawi langu na kuna tawi kuu. Nitajuaje komiti gani iko huku na haiko kule?" Wengi wanataka amri tu, wakopi, wabandike, waendelee na maisha. Amri tutazitoa, msiwe na wasiwasi. Lakini tumeona tuanze na historia, kwa sababu mbili. Ya kwanza, amri usiyojua ilitoka wapi unaisahau kesho yake. Ya pili, swali hili linaonekana dogo, kumbe limewahi kuacha mlango wazi kwenye simu za watu wengi sana, na huenda moja iko mfukoni mwako.

Kwa wale ambao si watu wa kompyuta, tuelezane kwanza. Komiti ni hatua moja ya kazi iliyoandikwa kwenye daftari la mradi: nani amebadilisha, siku gani, mistari gani, na kwa nini. Tawi ni mfululizo wa komiti unaokwenda njia yake. Mnaanza pamoja, mnafika njia panda, wewe unatengeneza ukurasa wa malipo, mwenzako anatengeneza ukurasa wa picha, halafu siku moja mnataka kukutana tena. Hapo ndo swali linazaliwa: wakati wa kukutana, kitu gani kimebaki nyuma?

Wazee wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia tunayoandika leo ni historia ya daftari hilo.

MADAFTARI YA KWANZA

Zamani watu waliandika programu na kuhifadhi nakala juu ya nakala. Hata leo tunafanya hivo: faili "mpya", faili "mpya2", faili "ya_mwisho_kabisa". Mwaka 1972, Marc Rochkind, mhandisi wa Bell Labs kule Marekani, alitengeneza mfumo ulioitwa SCCS. Badala ya kuweka nakala nzima kila mara, ulihifadhi tofauti tu, yaani nini kimeongezwa na nini kimetolewa, na kila hatua ikapewa namba. Mwaka 1975 aliandika makala kuueleza, na wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa udhibiti wa matoleo kama tunavyoujua.

Miaka hiyo hiyo, palepale Bell Labs, Douglas McIlroy alitengeneza programu ya `diff`, iliyotoka na Unix mwaka 1974. Kazi yake: unaipa faili mbili, inakuonyesha mistari isiyofanana. Mwaka 1976 yeye na James Hunt waliandika jinsi hesabu yake inavyofanya kazi. Muikumbuke hii `diff`, tutairudia.

Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alileta RCS. Ilikuwa nyepesi zaidi, lakini kama SCCS ilishughulika na faili moja moja. Na anayetaka kubadilisha faili alilifunga kwanza, wengine wangoje. Kama kisima chenye ndoo moja. Kwenye mfumo wa namna hiyo, kuuliza "tawi hili limekosa nini?" kulimaanisha kuuliza faili kwa faili. Mradi wa faili mia tano una maswali mia tano.

Foleni hiyo ndo ilimchosha Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu mjini Amsterdam. Alikuwa anatengeneza programu pamoja na wanafunzi wake wawili, na kila mmoja alikuwa na saa zake: mmoja alifanya kazi mchana kama mtu wa ofisi, mwingine hakuwa na ratiba, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Sisi tunaogawana kompyuta moja watu wanne tunamwelewa kabisa. Mwaka 1986 aliwapa watu wote CVS, mfumo ulioruhusu wengi kugusa faili moja kwa wakati mmoja halafu kuunganisha baadaye. Mwaka 1989 Brian Berliner aliuandika upya kwa lugha ya C, na ukaenea dunia nzima.

Lakini CVS ilikuwa na usahaulifu mmoja mbaya. Iliweza kuunganisha tawi na tawi, ila haikukumbuka kwamba imeunganisha. Ukimaliza, ilibidi wewe mwenyewe uweke alama: mpaka hapa nimeshachukua. Ukisahau alama, safari ijayo utachukua vitu mara mbili, au utaruka vitu ukidhani ulishavichukua.

Subversion ilianza mwaka 2000 kuchukua nafasi ya CVS, na toleo lake la 1.0 lilitoka Februari 2004. Ilirekebisha mengi, lakini usahaulifu ule iliurithi. Watu waliandika kwenye ujumbe wa komiti kwa mkono: "nimeunganisha kutoka 120 mpaka 145." Daftari ndani ya daftari. Ni toleo la 1.5, Juni 2008, lililoanza kuandika lenyewe kila tawi limeshachukua nini, na tangu hapo mtu aliweza kuuliza orodha ya vilivyobaki.

VIRAKA KWA BARUA

Wakati huo kwenye njia nyingine kulikuwa na Linux. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kwa zaidi ya miaka kumi mradi huo mkubwa haukuwa na mfumo rasmi wa udhibiti wa matoleo. Watu walituma viraka kwa barua pepe. Kiraka ni ile tofauti inayotolewa na `diff`, na upande wa pili programu ya `patch`, aliyoiandika Larry Wall mwaka 1985, inaibandika mahali pake. Torvalds alisoma, akakubali au akaacha.

Shida yake mnaijua bila kuambiwa. Unatuma kitu kwa mtu mmoja mwenye maelfu ya barua. Hajibu. Je, amekataa? Hajaona? Amekiweka na hukujua? Kila mtumaji ilibidi asubiri toleo jipya litoke, alifungue, na kutafuta kwa macho kama kiraka chake kimeingia. Kikikosekana, anatuma tena. Na tena. Mwaka 1998 malalamiko yalipanda sana, watu wakasema wazi kwamba mtu mmoja hawezi kubeba mzigo huo.

Februari 2002 Torvalds alianza kutumia BitKeeper, mfumo wa kampuni ya Larry McVoy. Ulikuwa mzuri, na kila mtu alibeba daftari zima kwenye mashine yake. Lakini haukuwa huru. Kampuni iliruhusu watu wa Linux kuutumia bure kwa masharti, na mwaka 2005, baada ya Andrew Tridgell kutengeneza programu iliyozungumza na seva zake, ruhusa hiyo ikaondolewa.

Torvalds aliacha kazi ya Linux kwa muda na kuanza kuandika mfumo wake mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili 2005. Ndani ya siku chache mfumo huo, Git, ulikuwa tayari unahifadhi historia yake wenyewe. Juni mwaka huo toleo la Linux 2.6.12 likatoka likiwa linasimamiwa na Git, na Julai akamkabidhi Junio Hamano kazi ya kuitunza Git, naye ameishika mpaka leo. Katika Aprili ile ile Matt Mackall naye alianzisha Mercurial kwa sababu ile ile.

Tuwe wa haki lakini: Git haikuwa ya kwanza kuuliza swali letu. Arch, mfumo wa Tom Lord wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa na amri iliyoitwa `missing`, yaani "kilichokosekana". Bazaar ya kampuni ya Canonical ikafuata na amri ya jina hilo hilo. Waliona mapema kwamba watu wanapofanya kazi mbalimbali, swali la kwanza wakikutana ni "mimi nina nini ambacho wewe huna?"

NAMBA SI MTU

Sasa tufike kwenye kiini. Kwenye Git kila komiti ina namba ndefu ya herufi na tarakimu 40. Namba hiyo haitungwi ovyo. Inakokotolewa kutoka kwenye yaliyomo: hali ya faili zote, jina la mwandishi, tarehe, ujumbe, na namba ya komiti iliyotangulia. Badilisha kimoja tu kati ya hivyo, namba yote inageuka.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kutafuta kilichokosekana ni kulinganisha namba. Ukiandika

`git log main..kazi`

Git inachukua komiti zote zinazofikiwa ukitembea nyuma kutoka tawi la `kazi`, inatoa zile zinazofikiwa kutoka `main`, inakuonyesha zilizobaki. Nukta mbili tu. Geuza majina, `kazi..main`, utaona kinyume: kuu ina nini ambacho wewe huna. Hii inatosha mara nyingi, ikiwa matawi yameunganishwa kwa njia ya kawaida.

Lakini kuna njia nyingine ya kuhamisha kazi. Mtu anachuma komiti moja kutoka tawi lako na kuipanda kwenye tawi lake, kwa amri ya `git cherry-pick`. Mabadiliko ni yale yale, mstari kwa mstari. Ila sasa komiti iliyotangulia ni nyingine, kwa hiyo namba ni nyingine. Ukilinganisha kwa namba, Git itakwambia kazi yako haipo kule. Kumbe ipo, imebadilishiwa kitambulisho tu.

Wandugu, jambo hili kwetu halihitaji mfano wa kutafuta mbali. Ukivuka mpaka unapewa namba. Ukihamia nchi ya pili unapewa nyingine. Mtoto aliyeandikishwa huku na mama yake na kule na shangazi yake ana namba mbili, na yule anayetafuta familia kwa namba tu atasema mtoto huyu hayupo. Mtu ni yule yule. Ukitaka kumpata uliza alizaliwa wapi, mama yake nani, ana alama gani.

Git ilijibu hivo hivo, na mapema: ndani ya mwaka ule ule wa 2005. Torvalds aliongeza kitu kinachoitwa `patch-id`. Inachukua tofauti iliyoletwa na komiti, yaani ile `diff` ya McIlroy, inaacha namba za mistari na nafasi tupu, haijali mwandishi wala tarehe, na kutoka hapo inakokotoa alama. Komiti mbili zenye mabadiliko sawa zinapata alama moja, hata kama namba zake kubwa hazifanani. Juu ya alama hiyo Hamano alijenga amri ya `git cherry`:

`git cherry -v main kazi`

Jibu linakuja mstari kwa mstari. Penye alama ya kujumlisha (+), kuu haina mabadiliko hayo. Penye alama ya kutoa (-), kuu inayo tayari chini ya namba nyingine. Ukitaka kuona pande zote mbili kwa pamoja, kuna

`git log --left-right --cherry-mark --oneline main...kazi`

Hapo nukta ni tatu. Mshale wa kushoto ni za `main` peke yake, wa kulia ni za `kazi` peke yake, na alama ya sawasawa ni zile zilizopo pande zote.

JINSI ILIVYOMSAIDIA MWENZETU

Hii si nadharia. Kijana mmoja wa kwetu alifanya kazi ya mtandaoni kwa mteja wa mbali, ambaye hatutamtaja. Makubaliano: analipwa kwa kila komiti inayoingia kwenye tawi kuu. Alifanya komiti saba, akazituma kwenye tawi lake, akangoja wiki tatu. Jibu likaja kwamba kwenye tawi kuu hakuna komiti hata moja yenye jina lake, kwa hiyo hakuna cha kulipa.

Na kweli, ukitafuta kwa jina hakukuwa na kitu. Ukitafuta kwa namba, hakuna. Tukakaa naye watu watatu mbele ya kompyuta, tukavuta nakala mpya ya mradi, tukaandika `git cherry -v main` na jina la tawi lake. Mistari saba ikatoka. Mitano ina alama ya kutoa. Maana yake mtu wa upande wa pili alichukua mabadiliko yake, akayabandika kwa mkono na kuyaandika kwa jina lake mwenyewe. Jina lilifutika. Ila `patch-id` haitazami jina, inatazama kazi.

Miwili iliyobaki ilikuwa na alama ya kujumlisha. Hapo ndo pa kuwa makini, sababu kujumlisha hakumaanishi kila mara kwamba kazi haipo. Kama mtu alibadilisha hata neno moja la msimbo alipokuwa anaibandika, `patch-id` inageuka. Tukachukua jina la fanksheni kutoka komiti ya sita, tukatafuta kwenye kuu kwa `git log -S` tukifuatisha jina hilo. Ikaonekana: ilikuwa imeingia, mstari mmoja ukiwa umerekebishwa. Ya saba ndo haikuwepo kweli.

Alimwandikia mteja kwa adabu, bila matusi, akaweka orodha: hizi hapa namba zangu, hizi hapa namba zenu, linganisheni wenyewe. Alilipwa komiti sita. Ya saba aliituma upya. Tunaisimulia kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi kwa watu wasiotuona, hatuna mkataba wa maana na hatuna wakili. Ushahidi wa namna hii ni wakili wa bure.

PALE DAFTARI LINAPOSEMA "IPO" NA HAIPO

Kuna upande wa pili wa shilingi. Mara nyingine kulinganisha kunakwambia komiti ipo, na mabadiliko yake hayapo.

Inatokea hivi. Mnaunganisha tawi, linaharibu kitu, mtu anatengua muunganisho huo kwa `git revert`. Kwenye historia komiti zako bado zipo, zinafikiwa, namba ni zile zile. Ila juu yake imepandwa komiti nyingine inayofuta yote. Baadaye mnarekebisha kosa, mnaunganisha tawi tena, na Git inachukua marekebisho mapya tu; zile komiti za zamani inasema hizi ninazo. Watu wamepoteza siku nzima hapo. Kwenye maandiko ya Git yenyewe kuna maelezo maalum ya jambo hili, na njia wanayoieleza ni hii: tengua lile tengo kwanza, ndo uunganishe marekebisho.

Na kuna kubanwa. Miradi mingi siku hizi inapenda kukunja komiti kumi za tawi kuwa moja kabla ya kuiingiza kwenye kuu. Hapo `git cherry` itakupa alama kumi za kujumlisha, kwa sababu hakuna komiti moja yenye tofauti sawa na ile kubwa. Dawa ni kulinganisha faili zenyewe kwa `git diff main kazi`, na usome ukijua kuu nayo imesogea mbele.

SIMU ILIYOKOSA KIRAKA

Tulisema mwanzoni kwamba swali hili liliacha milango wazi. Hii ndo habari yenyewe.

Linux haiko kwenye seva tu. Iko chini ya kila simu ya Android. Lakini haifiki kwenye simu moja kwa moja. Kuna tawi kuu la Torvalds. Kuna matawi ya matoleo tulivu, ambayo Greg Kroah-Hartman na Chris Wright waliyaanzisha Machi 2005: yanapokea marekebisho tu, si vitu vipya, na kanuni yake ni kwamba rekebisho liwe limeshaingia kwanza kwenye tawi la Torvalds. Kutoka hapo kuna matawi ya Android, kisha ya watengenezaji wa vichipu, kisha ya kampuni inayouza simu. Fikirieni maji ya kambini. Tangi kujaa si kwamba maji yamefika kwenye bomba la bloku yako. Katikati kuna mabomba mengi na koki nyingi.

Novemba 2017 programu ya kutafuta hitilafu kwa kujaribu-jaribu, inayoitwa syzkaller, iligundua kosa kwenye Binder. Binder ni sehemu ya Android inayopitisha ujumbe kati ya programu na programu ndani ya simu. Kosa lilikuwa la kutumia nafasi ya kumbukumbu ambayo tayari imeachiwa, kama mtu anayeingia na ufunguo wa zamani kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Rekebisho liliandikwa, na mapema 2018 lilikuwa limeingia kwenye Linux 4.14 na kwenye matawi ya pamoja ya Android ya 3.18, 4.4 na 4.9. Halikupewa namba ya hatari ya usalama. Halikutajwa kwenye taarifa za usalama za kila mwezi za Android. Kwa hiyo simu nyingi zilizokuwa zimeshauzwa, ambazo matawi yake yalikuwa yameachana na yale mengine zamani, hazikulipata.

Ilipita zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwishoni mwa Septemba 2019 Maddie Stone, mtafiti wa kikundi cha Project Zero cha Google, aliripoti kwamba kuna watu wanatumia kosa hilo kuingia kwenye simu za watu na kuzitawala. Alitaja simu zilizo hatarini: Pixel na Pixel 2 za Google yenyewe, Samsung S7, S8 na S9, Huawei P20, Redmi 5A na Redmi Note 5 za Xiaomi, na nyingine. Kwa sababu shambulio lilikuwa tayari linaendelea, muda uliotolewa ulikuwa siku saba badala ya tisini za kawaida. Kosa likapewa namba CVE-2019-2215, na kiraka kikatoka na masasisho ya Oktoba 2019.

Angalieni vizuri hapo. Hakuna aliyekosa ujuzi. Dawa ilikuwa imeshaandikwa, imekaguliwa, iko hadharani kwenye tawi moja. Ilikosekana kwenye tawi lingine, na aliyeitumia tofauti hiyo alikuwa mshambuliaji. Ndo ubaya wa msimbo ulio wazi usiolinganishwa: orodha ya viraka vilivyokosekana kwenye simu yako ni ramani kwa yule anayejua kuisoma.

Kwa wengi wetu simu si starehe. Ndo benki, ndo albamu ya familia, ndo picha ya karatasi ambazo asili yake iliungua au ilibaki nyumbani. Kuna wenzetu ambao namba walizonazo kwenye simu zinaweza kumhatarisha ndugu aliyebaki kule. Na simu tunazonunua ni za mkono wa pili, zile zile ambazo kampuni imeacha kuzitumia masasisho. Kwa hiyo fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tazama tarehe ya sasisho la usalama la Android. Kama inasema mwaka wa zamani, usiweke humo kitu ambacho kikionekana kitamuumiza mtu, na usisakinishe programu za kutumiwa tumiwa kwenye magrupu. Si lazima ununue simu mpya, hela hiyo tunajua haipo. Ila ujue umeshika nini.

KWA WANAOANZA: HATUA KWA HATUA

Tumalizie na yale mliyoyaomba. Mbali na ya kwanza, zote zinafanya kazi bila mtandao, kwa hiyo subirini mega zikiwepo mfanye hatua ya kwanza, nyingine fanyeni usiku kwa utulivu.

1. `git fetch --all`. Vuta habari mpya kwanza. Ukilinganisha na nakala ya mwezi uliopita utamlaumu mtu bure.

2. `git log --oneline main..kazi`. Orodha ya haraka, kwa namba. Kama mnalinganisha na seva, tumia `origin/main`, sababu `main` ya kwenye mashine yako haisogei yenyewe.

3. `git cherry -v main kazi`. Orodha ya kweli zaidi, kwa mabadiliko. Zenye (-) ziache. Zenye (+) zichunguze.

4. Kwa kila (+), tafuta kwa `git log -S` kipande cha msimbo kwenye kuu kabla hujasema haipo.

5. Ukiwa na namba ya komiti na hujui iko matawi gani, `git branch -a --contains` ikifuatiwa na namba hiyo.

6. Ukichuma komiti kutoka tawi jingine, tumia `git cherry-pick -x`. Hiyo x inaandika ndani ya ujumbe namba ya asili. Watu wa matawi tulivu ya Linux wana desturi kama hiyo: kila rekebisho wanalochukua linataja namba yake ya kwenye tawi la Torvalds. Mwandikie mwenzako alikotoka, asije akahesabiwa amepotea.

7. Na kama komiti haipo tawi lolote, sababu mtu amefuta tawi au ameandika upya historia, usilie kwanza. Andika `git reflog` kwenye mashine iliyoifanya kazi hiyo. Git hukumbuka mahali ulipokuwa umesimama, na kwa kawaida komiti isiyo na tawi inabaki kwenye kumbukumbu hiyo siku 30. Zikipita, ikisafishwa, imekwenda.

Hiyo ya saba ina haraka yake. Kwenye kompyuta ya kugawana, mtu wa zamu inayofuata akifuta folda ili apate nafasi, reflog inaondoka nayo. Kama kuna kazi unaitafuta, weka karatasi juu ya mashine uandike usifute, na uwaambie wenzako kwa mdomo pia.

Kutoka kwa Rochkind mwaka 1972 mpaka kwa Stone mwaka 2019 ni miaka 47, na kila aliyefuata aliongeza kitu kimoja kwenye daftari: namba, tofauti, kumbukumbu ya muunganisho, alama ya mabadiliko. Linalobaki mpaka leo hakuna programu inayolifanya yenyewe. Lazima mtu akae chini, aweke orodha mbili sambamba, aulize ya nani haipo, halafu aseme.

Mwenye swali aandike hapa chini, kwa Kiswahili chochote, cha Goma, cha Bujumbura, cha Nairobi au cha Kigoma, tutajibu. Mwenye mradi wa kulinganisha alete tuutazame pamoja. Na kama una ndugu anaye simu ya zamani, mtumie sehemu ile ya simu peke yake, hata asiposoma nyingine.

Tubaki salama, wandugu.